Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Kabla mtambo wa majitaka haujapewa kiwanja

Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili ni la watu wengi, na ningependa majirani zangu wa Vingunguti, Kiwalani, Buguruni na Kigogo wasome kila neno ninalokuambia.

Kila unaposikika mpango mpya wa mtambo wa kuchakata majitaka Dar es Salaam, mtaani swali huwa moja tu: utakaa wapi? Mara nyingi tunapopata jibu, limeshakuwa mchoro, mchoro umeshawekewa bajeti, na sisi tunaitwa kupewa taarifa. Ombi langu ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe. Kiwanja kisichaguliwe kabla ya kuwasikia watu watakaobaki jirani nacho. Sisemi watakaohamishwa, maana hao sheria inawajua, ina fomu zao na hesabu zao. Nawasemea watakaobaki.

Naomba usinielewe kwamba tunaukataa mtambo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na walio wengi wanatumia vyoo vya shimo na septiki, si mtandao wa mabomba. Majitaka ya katikati ya jiji yamekuwa yakisafiri kwa bomba hadi Ocean Road na kumwagwa baharini. Huku kwetu, mvua za masika zikishika, watu wanatapisha vyoo. Usiku maji yakiwa yanatiririka uchochoroni, mwenye nyumba anazibua kishimo alichokiacha ubavuni mwa choo, kinyesi kinaondoka na maji ya mvua. Hana pesa ya gari la kunyonya, na hata angekuwa nayo, gari haliwezi kupenya hadi mlangoni kwake. Asubuhi watoto wanapita humo humo na viatu vya shule mkononi. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015, kikaenea nchi nzima na kupita wagonjwa 20,000, hakuna aliyekaa bondeni aliyeuliza kimetoka wapi. Kwa hiyo mtambo tunautaka, na tunautaka mapema. Ndiyo maana nauchukulia kwa uzito huu.

Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Mhandisi wa majitaka anaijua kanuni hiyo kuliko sisi sote: bomba likiteremka kwa mwinamo wake, majitaka yanakwenda yenyewe, na kila pampu anayolazimika kuiweka njiani ni gharama ya kununua, ya umeme na ya fundi kwa maisha yote ya mradi. Kwa hiyo anatafuta mahali pa chini kabisa. Kwa Dar es Salaam mahali pa chini ni mabonde: Msimbazi, Mlalakuwa, Kizinga, Mzinga. Na bondeni anaishi nani? Anaishi aliyeshindwa bei ya ardhi ya juu. Alinunua kipande chake kwa hati ya kuandikishana mbele ya mjumbe, akajenga kidogo kidogo, akapangisha vyumba viwili ili apate ada ya watoto. Mwinamo wa ardhi na bei ya kiwanja vimeshakutana pale kabla Wizara yako haijaitisha kikao chochote. Simlaumu mhandisi, anafanya kazi aliyosomea. Lakini kama hakuna mtu mwenye mamlaka anayesimama na kusema pampu mbili za ziada zinakubalika ili kuwaepusha watu elfu kumi na uvundo, hesabu itatoa jibu lile lile kila mara.

Jiji hili lina historia na mambo ya namna hii, na naomba uikumbuke. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji kwa kumwaga taka katikati ya makazi yao na kuzichoma. Walishinda. Jiji liliporudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa, akaeleza kwamba kuwaachia watu hewa chafu ni kuhatarisha haki yao ya kuishi, ile iliyoandikwa katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi zaidi ya 700 wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Kisha dampo likaja Vingunguti. Baadaye likaenda Mtoni, na leo liko Pugu Kinyamwezi. Nawapongeza waliokwenda mahakamani, walifanya haki. Ila ukiifuata safari ya lile dampo unaona lilikuwa likiwakimbia wenye uwezo wa kulifukuza. Hakuna siku ambayo serikali ilikaa na wananchi wa jiji zima na kuuliza: taka zetu wote, tuziweke wapi kwa haki? Na majitaka yasipoulizwa swali hilo yatatembea njia hiyo hiyo.

Sasa nizungumzie harufu, kwa sababu kwenye vikao ndiyo inayochukuliwa kama malalamiko madogo ya watu wasiotaka maendeleo.

Harufu ya mabwawa ya kusafishia majitaka, kama haya tuliyonayo Vingunguti, haikai siku nzima kwa kiwango kimoja. Mchana jua likiwaka, hewa inapanda na kuchanganyika, mtu anaweza kupita karibu na bwawa asisikie kitu. Usiku upepo ukitulia, gesi inatoka kwenye bwawa la kwanza, lile lenye kina kirefu na lisilo na hewa, inatambaa chini chini na kuingia majumbani. Inanuka kama yai viza. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo kilele chake, na hiyo ndiyo saa ambayo watu wetu wameamka. Jirani yangu mmoja anakaanga vitumbua na chapati nje ya mlango wake kwa ajili ya wanaowahi daladala. Ana sehemu mbili za kuweka jiko: moja mbele ya nyumba, nyingine uchochoroni nyuma. Kabla ya kuwasha mkaa anasimama kidogo, anageuza uso huku na huku, ndipo anaamua leo jiko linakaa wapi, kwa sababu mteja akisikia ile harufu hanunui. Mkaguzi anayekuja na gari saa nne asubuhi, akazunguka nusu saa na kujaza fomu yake, hamkuti mama huyu wala haikuti harufu.

Kuna jambo kubwa zaidi ya saa, nalo ni msimu. Pwani yetu ina pepo mbili. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi ikitoka kaskazini-mashariki. Kusi inashika takriban Aprili hadi Oktoba ikitoka kusini na kusini-mashariki. Wavuvi, manahodha na bibi zetu wamepanga maisha yao kwa pepo hizi tangu zamani. Mtambo ukijengwa, mtaa ulio upande wa kaskazini utaupokea uvundo miezi ya kusi, na mtaa ulio upande wa kusini utaupokea miezi ya kaskazi. Mtaalamu akija kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kwa wiki mbili za Februari, atauandika mtaa mmoja kuwa umeathirika na ule mwingine kuwa salama. Agosti ikifika, waliosalimika kwenye karatasi ndio watakaofunga madirisha. Naiomba Wizara yako isipokee tathmini yoyote ya mtambo wa majitaka pwani ambayo haikupima upepo na harufu katika misimu yote miwili, usiku na alfajiri ikiwemo. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya mtambo.

Vitabu vya uhandisi wa mabwawa haya vinashauri yakae angalau mita 200 kutoka makazi ya watu, na ikiwezekana 500, tena upande ambao upepo hauleti harufu kwenye nyumba. Mheshimiwa, njoo Vingunguti usimame kwenye tuta la bwawa, utazame nyumba. Huhitaji futi kamba. Na nikubali kwamba nyumba nyingi zilikuja baada ya mabwawa, hilo tunaambiwa kila siku. Lakini zilikujaje? Ardhi iliachwa wazi bila mawe ya mipaka, bila miti, bila mlinzi, bila hata kibao, katika jiji ambalo watu wanatafuta pa kulala. Aliyejenga aliona viongozi wa mtaa wakisaini mauziano, aliona nguzo za umeme zikifika, akalipa kodi ya jengo. Eneo la kinga linalochorwa kwenye ramani bila kulindwa ardhini halimkingi mtu yeyote.

Majirani zetu wa Nairobi wametuonyesha mwisho wa jambo hili. Mei 2020, katikati ya janga la korona na msimu wa mvua, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi kwenye ardhi ya mradi wa majitaka, watu waliokuwa wamekaa hapo miaka mingi. Mwezi huo huo serikali ya Kenya ikatangaza kuirudisha ardhi kubwa ya mabwawa ya Ruai iliyokuwa imeangukia mikononi mwa watu binafsi. Kule Ruai ndiko inakokwenda sehemu kubwa ya majitaka ya jiji lile. Kama eneo la kinga lingelindwa tangu siku ya kwanza, familia zile zisingelala nje.

Hapa ndipo ninaporudi kwa watakaobaki. Sheria yetu ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, pamoja na kanuni za fidia za mwaka 2001, zinamtambua mtu ambaye ardhi yake imechukuliwa. Anathaminiwa ardhi, nyumba na mazao. Anapewa posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36. Ana malalamiko yake, hasa ya malipo kuchelewa, na anastahili kusikilizwa. Lakini chora mstari pale uzio wa mtambo utakapopita. Nyumba iliyo ndani ya mstari inalipwa. Nyumba iliyo hatua ishirini nje ya mstari hailipwi hata senti. Mwenye nyumba huyo atabaki na harufu, atabaki na malori, na siku akitaka kuuza atakuta nyumba yake imeshuka bei. Wapangaji wake wenye uwezo kidogo watahama, watakuja wenye kodi ndogo zaidi. Na wapangaji wenyewe, ambao ndio watu wengi kabisa wa mitaa hii, hawamo katika jedwali lolote. Mpangaji mwenye chumba kimoja, mke na watoto watatu, aliyejenga wateja wa genge lake kwa miaka sita, akihamishwa na mradi anaambiwa azungumze na mwenye nyumba wake. Akibaki, anaambiwa hakuathirika.

Ninapendekeza jambo linalowezekana bila kusubiri Bunge libadili sheria. Katika bajeti ya kila mtambo, iwekwe sehemu kwa ajili ya mitaa inayobaki jirani. Ya kwanza iwe ni kuwaunganisha na mtandao wa majitaka bila malipo ya kuungiwa, kabla majitaka ya kata nyingine hayajaanza kupita mbele ya milango yao. Hakuna kinachochoma moyo kama kuona chemba kubwa ya zege inajengwa barabarani kwenu, bomba la kipenyo cha mtu kujikunja linapita, na wewe unaendelea kuchimba shimo jipya la choo kwa sababu bomba lile si la mtaa wako. Bomba dogo la kuunganisha nyumba zetu ni sehemu ndogo ya mradi, na lingefanya kila mtu mtaani awe na sababu ya kuulinda mtambo usiharibiwe.

Kuhusu mafuriko nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu ameyaona. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wasiopungua arobaini jijini, na waliookoka wakapelekwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, na tumeshuhudia mabasi yakisimama ndani ya maji mwaka baada ya mwaka, mpaka ikaamuliwa karakana ihamishwe. Basi likilowa linatengenezwa. Bwawa la majitaka likimezwa na mto, kinyesi cha nusu ya jiji kinaingia vyumbani mwa watu walioko chini yake, Kigogo hadi Magomeni hadi Daraja la Selander. Kama mtambo lazima ukae bondeni, tunaomba tuonyeshwe, kwa alama kwenye nguzo na si kwenye ripoti tu, maji ya mafuriko yalifika wapi mwaka 2011 na kingo za mtambo zitapanda kiasi gani juu ya hapo. Sisi wenyewe tutawasaidia kuipata alama hiyo. Kuna kuta huku bado zina mstari wa tope.

Kuna swali la aina ya mtambo, ambalo mara nyingi tunaambiwa ni la kitaalamu tusiliguse. Tunaligusa kwa sababu linaamua tutaishi na nini. Mabwawa hayahitaji umeme, yanategemea jua, bakteria na mwani, lakini yanahitaji ardhi kubwa, na yasipotolewa tope kwa wakati yanajaa na kupoteza uwezo wake. Mtambo wa mashine unakaa kwenye eneo dogo na unaweza kufunikwa ili harufu inyonywe na kuchujwa, lakini pampu zake za hewa zinatakiwa kufanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, bakteria wanaokula uchafu wanakufa kwa kukosa hewa, na kinachotoka upande wa pili ni majitaka yale yale. Hatujasahau mgao wa mwaka 2023. Kwa hiyo tukiletewa mtambo wa mashine tutauliza: jenereta ipo, na mafuta yake yamo kwenye bajeti ya mwaka gani? Tukiletewa mabwawa tutauliza: tope litatolewa kila baada ya miaka mingapi, nani atalipa, na litapelekwa mtaa wa nani? Sherehe ya kukata utepe inagharamiwa na mradi. Miaka ishirini inayofuata inagharamiwa na bili za maji, na huko ndiko mitambo mingi barani kwetu inakofia.

Viwanda pia. Ukanda wa Barabara ya Nyerere una viwanda vya kila namna, na mabwawa ya majitaka ya nyumbani hayakuumbwa kuondoa madini ya risasi, kromiamu wala rangi za nguo. Yanapita hivyo hivyo hadi mtoni. Mtoni kuna wakulima wa mchicha. Ukishuka bondeni jioni utawaona wamepanga matuta yao kwa ustadi mkubwa, wanachota maji na keni mbili, moja kila mkono, wanamwagilia tuta kwa tuta mpaka giza liingie. Mchicha ule unakwenda masokoni Ilala na Buguruni, na unaliwa hata na wasiojua Vingunguti iko upande gani. Watafiti wa vyuo vyetu wamepima mboga na udongo wa bonde hili mara nyingi na kukuta madini mazito. Wakulima wakifukuzwa leo, kesho watalima chini zaidi, kwa sababu familia zao zinakula. Kinachotakiwa ni kila kiwanda kisafishe majitaka yake kwenye uwanja wake kabla ya kuyaingiza kwenye bomba la umma, na vipimo vya maji yanayotoka mtamboni vibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya Serikali ya Mtaa, kwa Kiswahili, kwa namba ambazo mwalimu wa sayansi wa shule ya kata anaweza kuzifafanua.

Maji yakisafishwa vizuri yanaweza kuwa baraka. Moshi, wakulima wa Mabogini wamekuwa wakitumia maji yanayotoka kwenye mabwawa kumwagilia mpunga. Ndugu zetu walioko Maskati, Oman, wanatusimulia kuhusu Al Ansab, ambako mabwawa ya maji yaliyosafishwa yamekuwa makao ya ndege wa kila aina na watu wanakwenda na watoto kuwatazama. Sisemi Vingunguti itageuka Al Ansab. Nasema mtambo unaosimamiwa vizuri hauna sababu ya kuwa laana ya jirani yake, na wananchi wakionyeshwa mfano unaofanya kazi wanakubali haraka kuliko wakihubiriwa. Wapelekeni wajumbe wa mitaa inayohusika wakaone kwa macho, mtambo mzuri na mtambo uliokufa, vyote viwili.

Naomba nimalizie na namna ya kushirikishwa, kwa sababu hapo ndipo uaminifu unapovunjika.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa mradi wa namna hii. Mradi sitautaja wala taasisi. Tuliitwa jana yake kwa kipaza sauti, siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati wengi wako vibaruani. Waliokuja walikuwa wazee, akina mama na vijana wachache. Mlangoni tuliandika majina, namba za simu na kuweka sahihi. Picha zikaoneshwa ukutani, maneno yake Kiingereza, mtaalamu akawa anafasiri kwa haraka. Maswali yalikuwa matano, kisha muda ukaisha, tukapewa soda. Mzee mmoja aliuliza kama kuna eneo jingine lililofikiriwa. Akajibiwa kwamba hatua hiyo imeshapita. Baadaye tukaja kuelewa kwamba ile karatasi ya mahudhurio ndiyo inayoambatanishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba jamii ilishirikishwa. Mheshimiwa, sisi tulisaini kwamba tumefika. Hakuna aliyesaini kwamba amekubali.

Sheria ya mwaka 2004 imeweka ushirikishwaji wa wananchi ndani ya tathmini ya mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ndilo linalopitia ripoti hizo. Wafadhili wakubwa, Benki ya Dunia mmojawapo, nao wanadai mpango wa kuwashirikisha wadau na utaratibu wa kupokea malalamiko. Kwa hiyo siombi kitu kigeni. Naomba kifanyike mapema. Tathmini ikianza, tuletewe maeneo matatu au manne yaliyofikiriwa, yote yakiwa na gharama zake, idadi ya watakaohama, idadi ya watakaobaki na upande wa upepo, na mikutano ifanyike katika mitaa yote ya maeneo hayo, jioni au Jumapili. Wapangaji waalikwe kama wapangaji. Ripoti yote, si muhtasari wa kurasa sita, itafsiriwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Kama hakimu anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, mtaalamu wa mazingira anaweza kuniambia kwa Kiswahili nitakachokuwa navuta puani. Na eneo likishachaguliwa, sababu za kuyaacha yale mengine zitangazwe kwa maandishi, ili mtu wa Vingunguti akiambiwa mtambo unakuja kwake ajue kwamba Mbezi, Mbagala na Kigamboni nazo zilipimwa kwa kipimo hicho hicho.

Inawezekana kabisa baada ya yote hayo eneo bora litakuwa ni hapa kwetu. Tukionyeshwa hivyo kwa haki, tutalipokea, na mimi nitakuwa wa kwanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wenzangu. Tumeishi na majitaka ya jiji hili muda mrefu, tunajua thamani ya kuyasafisha kuliko wale ambao wanavuta kamba ya choo na habari inaishia hapo.

Naomba mambo mawili kwako kwa sasa. Kwanza, agizo la maandishi kwa mamlaka za maji zilizo chini ya Wizara yako kwamba hakuna kiwanja cha mtambo wa majitaka kitakachotangazwa kabla ya mikutano ya maeneo mbadala kufanyika na kumbukumbu zake kuwekwa hadharani. Pili, ufike Vingunguti. Uje alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, miezi hii ya kusi, bila msafara mkubwa. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe watakupokea, na tutakutembeza kutoka mabwawani hadi mtoni kwa miguu.

Jibu lako tunaliomba kwa maandishi kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, nasi tutalibandika ubaoni watu wote walisome.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Vingunguti,
Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Mkuu wa Wilaya ya Ilala, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, Diwani wa Kata ya Vingunguti, ubao wa matangazo wa Serikali ya Mtaa.